Njia mbili kutoka Nakuru: shamba la lodi na shamba la rais

Msafiri anayetoka Nairobi, akiisha kuteremka bondeni na kupita Naivasha na Gilgil, huingia Nakuru baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 160. Mkono wake wa kushoto kuna ziwa lenye heroe, na wa kulia kuna Menengai, mlima uliolipuka zamani za kale ukabaki na shimo kubwa kileleni. Reli ilifika hapa mwaka 1900, na tangu hapo Nakuru imekuwa mji wa kununua na kuuza: ngano, maziwa, pareto, mbolea, matrekta. Tarehe 1 Desemba 2021 ilipewa hadhi ya jiji, ingawa akina mama wa sokoni hawakupandisha bei ya sukuma wiki kwa sababu hiyo.

Wengi hupita tu, wakielekea Eldoret au Kisumu. Lakini kuna wasafiri wa aina moja ambao hushuka hapa wakiwa na bahasha mkononi na kijana pembeni. Hao ni wazazi wanaotafuta chuo kikuu. Mbele yao kuna njia mbili. Moja inakwenda Njoro, kusini magharibi, mpaka Chuo Kikuu cha Egerton. Nyingine inapitia Kiamunyi kuelekea Eldama Ravine, na baada ya kilomita kama 20 hivi kutoka mjini inafika Kabarak. Vyuo hivi viwili vyote viliota katika mashamba ya watu wakubwa. Kimoja kimekuwa cha umma, kingine kimebaki cha binafsi. Kwa mwenye kulipa karo, tofauti hiyo si jambo la vitabuni.

Tuanze Njoro, kwa kuwa ndiko kwenye mkubwa wa umri. Lord Maurice Egerton wa Tatton, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1874, alikuwa tajiri asiyekuwa na mke wala mtoto, mpenda magari na ndege tangu ndege zilipoanza kuruka. Alipata ardhi Njoro wakati nyanda hizi zilipokuwa zimetengewa walowezi Wazungu, na wenyeji wakawa vibarua juu ya udongo ambao babu zao walichungia ng'ombe. Mwaka 1939 alitoa ekari 740 kianzishwe chuo cha kilimo. Tusimsifu kupita kiasi: chuo hicho hakikukusudiwa watoto wa vibarua wake. Kilikuwa cha vijana wa Kizungu, ili wajifunze kuendesha mashamba makubwa.

Mwaka 1950 chuo kilianza kutoa stashahada, na baada ya sheria ya mwaka 1955 kikafungua milango kwa watu wa rangi zote. Lodi mwenyewe alifariki mwaka 1958. Kasri lake la mawe, alilolijenga kuanzia mwaka 1938 mpaka 1954, lingali limesimama karibu na chuo, na siku za Jumamosi maharusi huenda kupigiwa picha kwenye ngazi zake. Masimulizi ya Njoro husema alilijenga kumpendeza mwanamke aliyeidharau nyumba yake ya kwanza, na kwamba mwanamke huyo alikataa hata kasri lenyewe, ndipo lodi akapiga wanawake marufuku. Ukweli wa hadithi hiyo aujuaye ni marehemu, lakini kwa maharusi wa leo ni kichekesho kizuri.

Jambo la kuangalia ni kilichotokea baada ya mwenye shamba kuondoka. Hakuacha mtoto wa kushika usukani, na nchi ikapata uhuru miaka mitano baadaye. Chuo kikawa mali ya wananchi. Mwaka 1986 kilifanywa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1987 sheria ya bunge ikakifanya chuo kikuu kamili. Chuo kilichoanzia kwenye zizi la ng'ombe sasa hufundisha mengi, biashara ikiwamo, na kina kampasi katikati ya Nakuru.

Rais aliyekuwa madarakani Egerton ilipopandishwa daraja alikuwa Daniel arap Moi, na yeye naye alikuwa na shamba, lile la Kabarak. Mwaka 1979, mwaka mmoja baada ya kushika urais, palianzishwa hapo shule ya upili ya Moi, ambayo mpaka leo wazazi huitaja pamoja na shule zenye sifa. Mwaka 2000, akikaribia kustaafu, chuo kikuu cha Kabarak kikapata hati ya muda. Hati kamili kilipewa mwaka 2008, chini ya Rais Mwai Kibaki, aliyempokea kijiti mwishoni mwa mwaka 2002.

Njia ya kwenda huko ni kame kuliko ya Njoro. Mashamba ya mahindi yanafuatana, na ukiendelea mbele zaidi unaanza kuona mkonge wa upande wa Mogotio. Chuo kiko katika eneo pana na tulivu. Ni chuo cha Kikristo, na hakifichi jambo hilo: mwanafunzi anayeingia hukuta kanuni ya maadili inayomtaja Yesu kuwa Bwana. Kijana aliyezoea raha za mjini aelezwe mapema, asije akamlaumu mzazi.

Kama vyuo vingi vya binafsi nchini, Kabarak ina shule ya biashara na uchumi iliyo mhimili wake. Sababu si ngumu kuielewa. Kufungua kitivo cha uhandisi kunahitaji karakana, na kitivo cha udaktari kinahitaji hospitali ya kufunzia. Biashara huhitaji madarasa, walimu, kompyuta na vitabu, na wanaoitaka hawaishi. Baadaye Kabarak iliongeza sheria, udaktari na hata muziki.

Enzi hizo zilikuwa za mavuno. Baada ya Chuo Kikuu cha Nairobi kuanza mwaka 1998 kuwapokea wanafunzi wa kujilipia, vyuo vya umma navyo viliingia sokoni. Vyuo vikafungua matawi hapa Nakuru, mengine juu ya maduka, na makarani wa benki na walimu wakawa wanasoma jioni wapate shahada na nyongeza ya mshahara. Kusema kweli, palikuwa na vyumba vilivyofanana zaidi na ofisi za bima kuliko chuo kikuu.

Kisha mvua ikakatika. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 160,000 walipata alama ya C+ na zaidi katika mtihani wa kidato cha nne, ndiyo alama ya kuingilia chuo kikuu. Mwaka 2016, wizi wa mitihani ulipodhibitiwa, hawakufika 90,000. Waliobaki waliweza kuchukuliwa na serikali karibu wote. Mwaka huo huo wa 2016 serikali ilianza kuwapeleka baadhi ya wanafunzi wake katika vyuo vya binafsi na kuwalipia sehemu ya gharama, nafuu iliyovishikilia vyuo kama Kabarak. Lakini kwa wanafunzi waliojiunga mwaka 2023, utaratibu mpya ulifika: ufadhili wa serikali ukabaki kwa wanaokwenda vyuo vya umma, na wa vyuo vya binafsi wakaachiwa kuomba mkopo tu.

Kabla ya hapo Kabarak ilikuwa imepata msiba. Mzee Moi alifariki tarehe 4 Februari 2020, na tarehe 12 akazikwa nyumbani kwake Kabarak, baada ya ibada iliyofanywa katika uwanja wa chuo mbele ya maelfu ya watu. Mwezi uliofuata korona ikafunga vyuo vyote nchini. Hapo ndipo swali la Njoro la mwaka 1958 lilipohamia upande huu wa bonde: mwenye shamba akiondoka, nani hulea chuo? Kwa lodi, jibu lilikuwa serikali. Kwa Moi, wadhifa wa chansela ulimwendea mwanawe Gideon, na mzigo wa kila siku ukabaki kwa wanaolipa karo.

Usije ukadhani kwamba Egerton kwa kuwa na serikali imekaa raha mustarehe. Miaka ya karibuni imeandamwa na madeni na migomo ya wahadhiri, na Novemba 2021 ilifungwa kwa sababu hiyo. Mzazi wa huko hulipa kidogo, lakini huenda akalipa kwa miaka, kijana akikaa nyumbani akingoja mgomo uishe. Wa Kabarak hulipa nyingi akitumaini kalenda itafuatwa. Kwa maoni yangu, huo ndio mzani wenyewe, na majina yaliyoandikwa langoni hayaongezi uzito upande wowote.

Huko Japani mambo yaliwahi kwenda kama Njoro. Shule ndogo ya biashara aliyoianzisha Mori Arinori jijini Tokyo mwaka 1875 ilikuwa ya binafsi. Baadaye ikachukuliwa na umma, na leo ndiyo Chuo Kikuu cha Hitotsubashi. Ninawataja Wajapani kwa sababu mkono wao uko Nakuru pia. Mwaka 1965 serikali ya Kenya kwa msaada wa Japani ilifungua hapa chuo kinachojulikana kama KITI, ili Waafrika wafunzwe kuanzisha na kuendesha viwanda vidogo, kazi ambazo wakati wa ukoloni hawakuachiwa. Hakina kasri wala kaburi la rais, na wageni hawakitembelei. Kijana hufundishwa kushika chombo cha kazi, na pia kukadiria gharama ya anachokitengeneza.

Basi mzazi aliyeshuka na bahasha yake asizijue njia mbili tu. Kwa anayetaka biashara, kuna pia mitihani ya uhasibu ya KASNEB, bodi iliyoanzishwa mwaka 1969, ambayo waajiri wengi huiulizia hata kwa mwenye shahada. Na popote atakapokwenda, aende siku ya masomo, si siku ya sherehe. Aketi nje ya darasa la saa nane mchana aone kama mwalimu atafika. Aulize maktaba hufungwa saa ngapi, na karo ya mwaka wa nne itakuwa kiasi gani, maana ya mwaka wa kwanza kila karani huitaja kwa tabasamu. Matatu za Njoro na za Kabarak zote hupatikana mjini tangu alfajiri. Akiwahi, ataviona vyuo vyote viwili na kurudi Nakuru kabla ya jua kuzama.