Mchanga wa Susu

Jumapili ya kwanza baada ya kuacha chuo, pasta alihubiri kuhusu wajenzi wawili. Unaijua hiyo hadithi, iko kwenye Mathayo sura ya 7. Mwenye akili anajenga juu ya mwamba, mpumbavu juu ya mchanga, mvua inakuja, na kila mtu anajua nyumba ya nani ilianguka. Karo ilikuwa imenishinda mwaka wa pili, nikarudi Makueni na begi moja. Pale kanisani nilihisi kila mtu ananiangalia kisogoni. Nyumba iliyoanguka ilikuwa mimi.

Susu, nyanya yangu, alikuwa amekaa kando yangu. Akacheka kidogo, chini chini. Tukiwa njiani kwenda nyumbani nikamuuliza nini kilimchekesha.

"Huyo pasta si wa huku," akasema. "Sisi mchanga ndio unatunywesha maji."

Kama hujawahi kuishi Ukambani wakati wa kiangazi, utaona mto wetu na useme hakuna kitu hapo. Ni mchanga tu, mweupe, unachoma miguu. Lakini Susu hupiga magoti katikati ya mto, anachimba na kibuyu kilichokatwa, kisha anangoja. Maji yanakuja yenyewe, polepole, masafi.

Kwetu kuna bwawa la mchanga. Makueni, Machakos na Kitui yako mengi. Unajenga ukuta wa mawe na saruji kukatiza mto wa msimu. Mvua ikinyesha, mafuriko yanabeba mchanga na kuutua nyuma ya ukuta, na maji yanajificha katikati ya chembe. Mchanga mzuri, ule wa chembe kubwa, unaweza kushika maji hadi asilimia 40 ya ujazo wake. Jua haliyafikii, na mbu hapati pa kutaga. Mengi ya mabwawa haya yalijengwa na vikundi vya mwethya, na wengi katika vikundi hivyo ni akina mama waliobeba mawe kwa mgongo. Susu alikuwa mmoja wao.

Aliniambia kazi ngumu haikuwa ukuta. Ilikuwa kuchimba mpaka mguse mwamba. Ukuta ukikaa juu ya mchanga, maji yatapita chini yake na mvua ya kwanza itaubeba. Kwa hivyo pasta hakuwa amekosea. Alikuwa tu ameishia nusu ya hadithi.

Wiki mbili baadaye nilianza kuuza huo mchanga.

Nairobi inajenga kila siku, na mchanga mwingi unatoka kwetu. Makueni ilitunga sheria ya kuulinda mwaka 2015, kwa hivyo sisi tulienda usiku. Vijana sita, mabeleshi, lori moja limezima taa. Mia tano kila mtu. Marika wangu waliniita mjanja, na kusema kweli niliipenda hiyo sifa kuliko pesa. Ningekuwa nimeisoma Biblia vizuri ningemkumbuka Rehoboamu, mwana wa Sulemani, aliyeacha ushauri wa wazee akafuata wa vijana aliokua nao. Ufalme ulipasuka mara mbili.

Kufika Agosti, Susu alikuwa anarudi na nusu mtungi. Zamani alichimba hadi kiwiko. Sasa mkono wote ulikuwa unaingia, hadi bega, na yanayotoka ni tope. Asubuhi moja akaniambia nimsindikize. Nilichimba mimi. Nilipofika unyevu akanipa kibuyu, akasema, "Ngoja."

Umewahi kungoja maji yajae kwenye shimo? Huwezi kuyaharakisha. Simu haikuwa na mtandao. Tulikaa karibu saa nzima, na katikati ya hiyo saa nikamwambia kila kitu.

"Najua," akasema. "Viatu vyako vilikuwa vinaleta mchanga ndani ya nyumba."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja uhesabu mwenyewe."

Hapo ndipo nilianza kuisoma upya ile habari ya Sulemani katika 1 Wafalme sura ya 3. Tunasema aliomba hekima, lakini Kiebrania chake kinasema aliomba moyo unaosikia. Tena katika kitabu cha Kutoka, neno hilohilo la hekima linatumika kwa fundi Bezaleli na kwa wanawake waliosokota nyuzi za hema. Ni kitu cha mikono. Susu hakumaliza darasa lolote, lakini anasuka kyondo bila kupima na anajua mwamba uko wapi chini ya mto. Mimi nilidhani hekima ni ile niliyoiacha chuoni kwa kukosa karo. Kumbe kile nilichokuwa nacho tele kilikuwa ujanja, na Kiswahili kina maana kuvitenganisha hivi viwili. Yakobo pia alivitenganisha: katika sura ya 3 anasema mwenye hekima aonyeshe kwa matendo.

Niliacha lori. Sitakudanganya kwamba mambo yalinyooka. Nilivuna ndengu za watu kwa pesa kidogo kuliko za mchanga, na marika wangu wakaacha kunisalimia. Siku hizi napanga chumba Kitui mjini na naandika kwa malipo ya hapa na pale. Nikienda Nairobi huwa naangalia magorofa mapya nikijiuliza ni ipi imebeba mto wetu ukutani.

Tangu wakati huo mvua za Novemba zimepita mara mbili. Mchanga unarudi, lakini kwa kasi yake. Kila Jumapili jioni nampigia Susu, na kabla ya habari za kanisa namuuliza mkono unaingia hadi wapi.

Wiki jana alisema, "Juu kidogo ya kiwiko."