Nilimhukumu kwa Maana ya Ujana Wangu

Nafundisha Kiswahili sekondari, hapa Nyakahura. Niliwapa kidato cha pili insha kuhusu mtu wanayemheshimu. Kijana mmoja akaandika juu ya kaka yake, utingo wa malori yanayopita hapa kwenda Rusumo na Kabanga: "Kaka ni msela wangu, baharia wa kweli." Nikayazungushia maneno hayo wino mwekundu, nikaandika pembeni "lugha ya kihuni", nikampa sifuri. Kisha nikamsimamisha mbele ya wenzake na kumwambia ajihadhari asije akawa mhuni kama kaka yake. Aliinamisha kichwa, hakujibu.

Kesho yake mama yake alikuja, daftari mkononi. Hakufoka. "Mwalimu," akasema, "huyo msela ndiye aliyenunua hili daftari. Na sare. Na viatu." Nilikosa pa kutazama.

Mimi nimekulia Dar es Salaam. Kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, msela alikuwa mtu wa kijiweni ambaye wazazi walitukataza hata kusimama naye. Neno lenyewe husemwa kuwa lilitoka bandarini, kwenye neno la Kiingereza la baharia. Walijiita hivyo vijana waliokuwa wakivizia kuzamia meli waende Ulaya. Mji ukalibandika kwa kila asiye na kazi. Baadaye wanamuziki wa Bongo Fleva wakalichukua kwa fahari, likawa la watu wa shida moja wanaochangiana hata nauli, na leo kijana akikuita msela wake amekuweka moyoni. Neno "Bongo" nalo lilitembea hivyohivyo: kwanza akili, halafu Dar es Salaam, mji usiokaliwa bila akili, halafu Tanzania nzima.

Baharia ndilo lililonichanganya zaidi. Nilikuwa nimelizoea la mitandaoni, la mwanamume mwenye wanawake wengi. Kijana alikuwa anamsifu mpambanaji anayelala barabarani ili nyumbani wale. Maneno yote mawili, msela na baharia, ni ya watu wa meli, na yametufikia huku kusiko na bahari kwa barabara ileile inayopandisha mizigo kutoka bandarini.

Kinachoniuma ni kwamba misimu ni mada ninayoifundisha. Nimesimama ubaoni mara nyingi nikieleza kuwa misimu huzuka, hubadilika kwa kundi na kwa wakati, mingine hufa, mingine husanifishwa. Kumkumbusha kijana kwamba insha rasmi haitaki misimu ilikuwa haki yangu. Kumtukana kaka yake haikuwa.

Mwanangu, nilikukosea wewe, kaka yako na mama yako. Insha yako nimeisahihisha upya, na msamaha huu nitauomba mbele ya darasa lilelile nililokuaibisha mbele yake.