Kura ya Mbali na Kura ya Karibu

Katika Masama, nchi ya migomba na mifereji upande wa magharibi wa mlima Kilimanjaro, siasa ya Marekani huzungumzwa kwa ufasaha na bila ya hofu. Panaponywewa mbege hutajwa Rais wa Marekani. Sokoni, uwanjani mwa kanisa baada ya ibada, na ndani ya gari liendalo Moshi hutajwa tena. Watu ambao hawajapata kuiona bahari wanajua kwamba Pennsylvania na Georgia ni majimbo yawezayo kugeuza uchaguzi. Jambo hili lina sifa na lina aibu. Nakusudia kusema yote mawili, sifa kwanza na aibu baadaye, nikiwa mpiga kura mmoja wa Masama mwenye kupenda maendeleo, asiye na cheo cha kulinda wala chama cha kutetea.

Jina la mpenda maendeleo limevaliwa na watu wengi, na vazi la wengi hupoteza umbo. Yafaa basi niseme maana yake kwangu. Maendeleo si barabara peke yake, wala si majumba marefu. Ni hali ya mtu wa chini kusimama wima mwaka huu kuliko alivyosimama mwaka jana. Ni mgonjwa asiye na fedha kutibiwa. Ni mwanamke kurithi na kutawala kama mwanamume. Ni mwenye mali nyingi kulipa kodi kubwa kuliko mwenye mali chache. Na ni mtawala kuondoka wakati watu wanapotaka aondoke. Kwa mizani hii naipima Washington, na kwa mizani hii hii naipima Dodoma. Kutumia mizani mbili ni dhambi dukani, na katika siasa ni dhambi vilevile.

Mtu aweza kuniuliza: Marekani inakuhusu nini? Swali lake ni la haki, na jibu langu la kwanza ni kahawa. Wazee wetu waliunda chama cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU, ili mkulima mdogo asinyonywe na mlanguzi. Fedha ya kahawa ililipa karo, ikaezeka nyumba kwa mabati, ikatoa walimu na waganga. Walakini mkono wa ushirika haukufika New York na London, mahali bei inapofanywa. Mwaka 1962 nchi zinazouza kahawa na nchi zinazoinunua zilifanya mkataba wa kugawana mafungu ya kuuza ili bei isianguke. Serikali ya Rais Kennedy iliunga mkono mkataba huo, na huruma haikuwa sababu pekee: iliogopa kwamba mkulima wa kahawa wa Amerika ya Kusini akifukarika atageukia ukomunisti. Hofu ya mkubwa ikawa heri ya mdogo. Hofu ilipopoa, heri nayo ilikoma. Wauzaji na wanunuzi walishindwa kuelewana, Marekani haikuwa tena na hamu ya kuyatetea mafungu yale, na mwezi wa Julai 1989 yaliachwa. Katika muda wa miezi michache bei ilianguka kufikia karibu nusu. Katika vihamba vya Kilimanjaro watu wengi waliacha kuitunza mibuni, na wengine waliing'oa wakapanda nyanya na mahindi. Hakuna mtu wa Masama aliyeulizwa neno juu ya jambo hilo.

Jibu la pili ni dawa. Mwaka 2003 Rais George W. Bush alianzisha mpango mkubwa wa kupambana na UKIMWI, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kufaidiwa nao. Bwana yule alikuwa wa chama kisichopendwa na wapenda maendeleo, na vita alivyovipeleka Iraq mwaka ule ule navihesabu kuwa dhuluma. Lakini dawa ni dawa. Mama aliyenusurika akalea watoto wake hatuwezi kumwambia kwamba maisha yake hayana thamani kwa kuwa yalitoka katika mkono tusioupenda. Kisha, tarehe 20 Januari 2025, Rais Donald Trump aliamuru misaada ya nje isimamishwe ipimwe upya, na kufikia tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la misaada la USAID lilikuwa limefungwa, na mabaki ya kazi zake yametiwa chini ya wizara ya mambo ya nje. Kalamu moja iliandika Washington, na zahanati za Afrika zikaanza kuhesabu vidonge.

Katika habari hizi mbili napata mafunzo mawili. La kwanza, jina la chama si mizani ya kutosha; tendo lipimwe lenyewe. La pili, kitu kilichotolewa na mkono mmoja huweza kurudishwa na mkono huo huo. Simlaumu sana mkulima wa Ohio aliyepiga kura kwa kufikiri bei ya mayai na petroli. Naye ana shamba lake na deni lake. Lawama yangu ni kwetu sisi, tulioona miaka ishirini na zaidi ikipita, tukaruhusu dawa ya uhai itegemee hesabu ya kura za watu wasiotujua. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na huyu hata ndugu si ndugu.

Kwa kuwa kura ya Mmarekani inafika shambani kwetu na kitandani kwa mgonjwa wetu, nina haki ya kutoa shauri juu yake. Naisifu Marekani kwa sheria ya mwaka 1965 iliyomlinda mpiga kura mweusi, na nasikitika kwamba mwaka 2013 mahakama yake kuu iliipunguza nguvu. Naisifu kwa sheria ya mwaka 2010 iliyowapa bima ya afya mamilioni ya watu waliokuwa hawana, na naichukia sheria iliyotiwa sahihi tarehe 4 Julai 2025, iliyopunguza kodi kwa faida kubwa ya matajiri na kupunguza fedha za matibabu ya maskini. Naona ajabu kwamba taifa lenye mali nyingi namna ile liliweka ujira wa chini kabisa wa dola 7.25 kwa saa mwaka 2009, na mwaka 2025 ulikuwa haujaongezwa na serikali yake kuu hata senti moja. Naona ajabu kubwa zaidi kwamba mwaka 2000, na tena mwaka 2016, mtu aliyepata kura chache za watu ndiye aliyeingia Ikulu, kwa sababu Rais wao huchaguliwa na wajumbe 538 wa majimbo.

Lakini mizani yangu ni moja, kwa hiyo yapasa kutaja mambo ambayo sisi tuliwapita. Mwaka 2010 mahakama kuu ya Marekani ilifungua mlango kwa makampuni kumwaga fedha katika uchaguzi. Miaka minne kabla yake, mwaka 2006, Mahakama Kuu ya Tanzania ilikuwa imebatilisha sheria ya takrima, iliyomruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura. Majaji wetu waliona kwamba karamu ya mgombea ni rushwa iliyovaa kanzu. Majaji wao hawakuona. Kadhalika Marekani iliwakataa wanawake wawili waliogombea urais, mwaka 2016 na mwaka 2024, wakati Tanzania imekuwa na Rais mwanamke tangu mwaka 2021. Ingawa hakuingia kwa kura bali kwa katiba, baada ya kifo cha mtangulizi wake, mtoto wa kike wa Masama ameona kwa macho yake kwamba kiti kile kinamwenea.

Hiyo ndiyo sifa ya mazungumzo yetu. Sasa nataja aibu.

Ujasiri wa mbali haugharimu kitu. Mtu aweza kumwita Rais wa Marekani jina lolote akiwa Masama, akalala salama, akaamka salama. Akitakiwa kusema juu ya mwenyekiti wa kijiji, mkurugenzi wa halmashauri au Rais wa nchi yake, sauti hushuka, macho hutazama mlangoni, na mazungumzo hurudi Pennsylvania. Hivyo siasa ya mbali imekuwa kwetu kama mchezo wa mpira: twashangilia, twakasirika, twatoka, na hali yetu imebaki kama ilivyokuwa.

Sisemi kwamba hofu hiyo ni upumbavu. Ina sababu, na sababu zake ni za juzi. Uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifanywa bila ya Chadema, chama kikubwa cha upinzani, na kiongozi wake Tundu Lissu alikuwa kizuizini tangu mwezi wa Aprili kwa shtaka la uhaini. Tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Rais Samia Suluhu Hassan ameshinda kwa zaidi ya asilimia 97 ya kura. Intaneti ilizimwa, watu wa Dar es Salaam walikatazwa kutoka nje usiku, na damu ilimwagika. Idadi ya waliokufa ikawa jambo la ubishi. Nchi ambayo wafu wake huhesabiwa kwa ubishi ina ugonjwa mzito. Mpenda maendeleo aliyelia kwa ajili ya ghasia za Washington za tarehe 6 Januari 2021, kisha akanyamaza kwa ajili ya Oktoba hii, amepima kwa mizani mbili.

Wala mtu asiseme kwamba ujasiri wa karibu ni kitu kigeni kwetu, kilicholetwa na magazeti ya Ulaya. Mwaka 1951 Wachagga walimchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu, mtu mwenye elimu na haiba, wakampokea kwa shangwe. Hata miaka kumi haikutimia kabla ya watu kuanza kuuliza kama inafaa mtu mmoja, awe mwema kiasi gani, akalie kiti mpaka kufa. Mwaka 1960 swali hilo liliamuliwa kwa kura. Wengi walitaka rais wa kuchaguliwa kwa muda, na Solomon Eliufoo wa Machame, mwalimu aliyekuwa amesoma Marekani, alishika nafasi hiyo. Hapakuwa na mkuki uliotupwa ili jambo hilo litimie. Watu wa vihamba, wengi wao wasio na elimu kubwa, walitambua kwamba thamani ya kura si kumweka mtu kitini tu, bali pia ni kumwondoa. Hekima hiyo ndiyo ambayo Marekani ilitikisika mwaka 2021 kwa sababu mtu mmoja aliikataa.

Tena mfano mwingine uko karibu zaidi. Tarehe 20 Januari 2025 Donald Trump, ambaye hakukubali kushindwa kwake kwa mwaka 2020, aliapishwa upya. Kesho yake Chadema walikutana Dar es Salaam kumchagua mwenyekiti. Freeman Mbowe, aliyekuwa mbunge wetu wa Hai na aliyekishika kiti hicho kwa miaka ishirini, alishindwa na Lissu kwa kura 482 dhidi ya 513. Tofauti ilikuwa ndogo kiasi cha kumfaa mtu apendaye ugomvi. Mbowe alikubali na kumpongeza mshindi. Sihukumu siasa yake yote kwa tendo hilo, wala simsifu kwa kukaa kitini miaka ishirini. Lakini siku ile Hai ilikuwa na neno la kuifundisha Washington, na sisi tulikuwa tukitazama kiapo cha Trump.

Wapo wanaotumaini kwamba mkubwa wa mbali atatusemea. Mwaka 2016 Marekani ilizuia fungu la pili la fedha za mfuko wake wa maendeleo kwa Tanzania, fedha zilizokusudiwa kueneza umeme, kwa sababu ya uchaguzi wa Zanzibar uliofutwa Oktoba 2015 na kurudiwa Machi 2016, na kwa sababu ya sheria ya makosa ya mtandao. Karipio lilikuwa la haki. Je, nani aliyeadhibiwa? Aliyefuta uchaguzi hakukaa gizani hata usiku mmoja. Gizani alibaki mtu wa kijiji. Haki inayoombwa kwa mgeni hulipwa na maskini.

Basi twahitaji nini? Twahitaji mambo machache yaliyo wazi. Ibara ya 41(7) ya katiba yetu imezuia mahakama isichunguze uchaguzi wa Rais baada ya tume kutangaza matokeo. Kizuizi hicho kiondolewe, maana hata refa wa mpira hukatiwa rufaa. Tume isitokane na mkono wa mgombea mmoja. Dawa za uhai zitengewe fungu katika bajeti yetu kabla ya magari ya wakubwa. Na katika mikutano ya kijiji na ya ushirika, mahali ambapo kura yetu bado huhesabiwa mbele ya macho yetu, tuhudhurie, tuulize hesabu, tumwondoe asiyefaa. Anayeogopa kuuliza hesabu ya kahawa hataweza kuuliza hesabu ya taifa.

Kura ya mbali hutufikia kama mvua: twaweza kuitazamia, kuilalamikia, na kuikingia mapipa. Kura ya karibu ni kama mfereji. Ulichimbwa na mikono ya watu, una zamu zake na sheria zake, na usipozibuliwa na wenyewe hujaa matope, haidhuru mvua inyeshe kiasi gani mlimani.