Aliyechagua na Aliyepangiwa

Mpwa wangu amemaliza chuo, na anataka kwenda Rwanda kujitolea kufundisha Kiingereza. Nchi hiyo iliamua mwaka 2008 kuacha Kifaransa na kufundishia kwa Kiingereza, kwa hiyo kazi ipo. Lakini hakuanza na kazi. Alianza na picha za milima ya volkano upande wa kaskazini. "Mjomba, tazama palivyo pazuri," aliniambia. "Nimeomba nipelekwe hapo."

Nilinyamaza kidogo, maana maneno hayo niliwahi kuyasikia.

Mwaka 1993 nilipangiwa kufundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari wilayani Rungwe, si mbali na mji wa Tukuyu. Sikuchagua. Mimi ni mtoto wa Mpwapwa, nimekulia penye vumbi, mibuyu na mtama, na mvua ya kwetu ni ya kuhesabu siku. Tukuyu huhesabiwa miezi. Nguo hazikukauka, madaftari yalinuka ukungu, na matope yalining'ang'ania viatuni mpaka mlangoni mwa darasa. Sikumaliza hata muhula wa kwanza kabla ya kuandika barua ya kuomba uhamisho.

Mwaka uliofuata akaja kijana kutoka Uingereza, mwalimu wa kujitolea. Nilimwuliza kwa nini alichagua Rungwe. Akanitolea kitabu cha wasafiri na kunionyesha: Mlima Rungwe wenye urefu wa karibu mita 2,960, Ziwa Ngosi lililolala ndani ya shimo la volkano, Daraja la Mungu, mwamba uliokaa kama daraja juu ya Mto Kiwira, na chai iliyotandikwa juu ya vilima. "Niliona ni pazuri," akasema.

Moyoni nikasema: huyu ni mtalii aliyeshika chaki.

Naam, haja ya mwalimu ilikuwapo, na ilikuwa kubwa. Katika nchi yetu mtoto wa shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili, kisha akiingia sekondari karibu masomo yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, waliandika katika ripoti yao kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kuwawezesha kujifunza. Wanafunzi wetu walitoka nyumbani na Kinyakyusa, wakajifunza Kiswahili, na lugha hii ya tatu wakaipokea kwa kukariri. Mimi nami niliwakaririsha, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa.

Yule kijana aliwaambia Kidato cha Pili waandike habari za mlima aliokuja kuuona. Binti mmoja akaandika kwamba mlima huleta mvua, mvua huleta matope, na mama yake huteleza akipeleka ndizi sokoni Kiwira. Nilipitishiwa insha ile ofisini. Nikahesabu makosa kumi na moja. Mwenzangu alikuwa amemwuliza binti jambo moja tu: mama hubeba mikungu mingapi? Na binti alikuwa amemjibu, kwa Kiingereza, bila kukariri. Mwaka mzima mimi nilikuwa sijamsikia akisema sentensi yake mwenyewe.

Masika yalipofika, wingu likaufunika mlima kwa majuma. Nikamtania: "Ndugu, mlima wako umekwenda wapi?" Akacheka, akaokota madaftari, akaenda darasani na matope yake viatuni. Kufika hapo alikwisha jua kuwashukuru wazee kwa kusema "ndaga fijo", na hakuna aliyemwona tena kuwa mgeni wa picha. Nikaanza kufikiri kwamba aliyependa mahali kwa uzuri wake alikuwa amepapenda kuliko mimi niliyepangiwa.

Hata hivyo kulikuwa na kosa, na nusu yake ni yangu. Kila kilichochangamka katika Kiingereza pale shuleni kilimtegemea yeye peke yake. Sikuwahi kukaa nyuma ya darasa lake nijifunze anavyofanya, wala yeye hakuniomba tufundishe pamoja. Mwaka 1996 muda wake wa miaka miwili ukaisha, wanafunzi wale wakiwa Kidato cha Nne, miezi michache kabla ya mtihani wa taifa. Na muhula ule ule barua yangu ya uhamisho ikajibiwa.

Yeye aliondoka kwa sababu mkataba ulikwisha. Mimi niliondoka kwa sababu niliomba. Yule binti alinifuata nje ya ofisi, akaniuliza kwa Kiingereza safi nani atawafundisha. Nilimjibu kwamba serikali italeta mwingine. Baadaye mwenzangu mmoja aliniandikia kwamba huyo mwingine alifika mwaka uliofuata, mtihani umekwisha kupita. Matokeo ya binti sikuyauliza. Niliogopa kuyajua.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mpwa wangu sikumkemea kwa kupenda milima. Mtu akichagua mahali kwa sababu ni pazuri, hajafanya dhambi. Huenda uzuri huo ndio utakaomvumilisha siku za matope. Nilimwambia tu kwamba picha haionyeshi mambo mawili, na yampasa ayaulize kabla hajafunga mzigo: ni mwalimu gani mwenyeji atakayefundisha naye bega kwa bega, na nani atashika chaki siku yeye atakapopanda basi kurudi.

Akaniuliza, "Na wewe, Mjomba, ulipoondoka Tukuyu alibaki nani?"

Nilimwambia ukweli.