Tokyo: Sindano Iliyotugombanisha

Kuna wanaume wanaoficha namba za simu za wanawake. Wangu alificha sindano!

Alikuwa Japani kwa mafunzo ya miezi mitatu, mimi nikamfuata kwa siku kumi za mwisho, angalau tuile ile fungate tuliyoikosa tulipooana. Siku ya pili tu, natafuta soksi kwenye begi lake, nikakutana na kiboksi cha mbao na risiti. Yeni laki mbili na ushee! Piga hesabu mwenyewe: zaidi ya milioni tatu za Kitanzania, tena kutoka kwenye hela ya kiwanja chetu cha Kigamboni. Ndani kulikuwa na kidude kidogo kama kipande cha sukari.

Kinaitwa katriji. Hukaa kwenye ncha ya mkono wa gramafoni, kikiwa na sindano yenye ncha ya almasi inayopita kwenye mifereji ya santuri. Sindano ikitikisika, waya mwembamba uliozungushwa ndani hucheza karibu na sumaku, na huo ndio umeme unaogeuka kuwa muziki.

"Ni kwa ajili ya santuri za baba yako," akaniambia.

Marehemu mzee aliniachia santuri arobaini na moja, na Mbaraka Mwinshehe ndiye mfalme wao. Kweli, sindano yetu ilikuwa imechakaa, na sindano iliyochakaa haiishii kuharibu sauti tu. Inaichimba santuri yenyewe, na kilichochimbika hakirudi. Lakini hata mimi nisiyejua kitu nilijua kwamba sindano mpya ya bei ya kawaida ingetosha. Nikamwambia hivyo. Akakiri. Nikanuna. Tokyo yote ile na watu wake, sisi wawili hatusemeshani!

Kesho yake akaniomba twende dukani kwenyewe. Nikiona haifai, atabembeleza wairudishe.

Duka liko Akihabara. Baada ya vita iliyoisha mwaka 1945, wachuuzi walikuwa wakiuza hapo vipuri vya redio. Siku hizi ni maghorofa ya taa na katuni, ila karibu na stesheni bado unakuta vibanda vyembamba vimejaa waya na swichi, utadhani uko Kariakoo, tofauti ni kwamba hapa hakuna anayekuvuta mkono. Tulipanda lifti hadi ghorofa ya nne. Mzee mmoja aliyevaa aproni akatupokea, akasikia habari yetu, akacheka kidogo, akavuta viti viwili. "Kaeni," akasema. "Muione kwanza."

Akaifunga katriji kwa skrubu mbili ndogo, akaunganisha nyaya nne: nyeupe, nyekundu, buluu na kijani. Akaweka karatasi yenye mistari chini ya sindano, akaisogeza mpaka ikalingana na mistari sehemu mbili. Kisha mizani: gramu mbili. Watu wengi hudhani ukipunguza uzito unaitunza santuri. Kumbe sindano iliyo nyepesi mno hurukaruka na kuumiza mifereji zaidi. Akaweka kioo kidogo kuona kama imesimama wima, akapima kimo cha mkono, mwishoni akarekebisha nguvu inayouzuia mkono usivutwe sana kuelekea katikati. Saa nzima ilipita!

Halafu akapiga santuri. Mimi nilitegemea maajabu. Wapi! Sauti ilikuwa safi lakini kavu, imejibana kama mgeni ukumbini. Mzee akatueleza kuwa raba inayoshika kijiti cha sindano bado ni ngumu. Mpeni saa thelathini, hata hamsini. Aliposikia tunatoka Dar akaongeza: raba hukaza kwenye baridi na kulegea kwenye joto, kwa hiyo mkifika kwenu pimeni upya, msinakili vipimo vyangu.

Jioni tukaenda Yotsuya, kwenye kijumba cha kahawa cha jazi, wenyewe wanaita "jazz kissa". Vilianza kabla ya vita, kama Chigusa ya Yokohama iliyofunguliwa mwaka 1933, vikashamiri baada ya vita kwa sababu santuri za kutoka nje zilikuwa ghali. Unalipia kahawa, unasikiliza santuri ambayo usingeweza kuinunua. Hata mwandishi Haruki Murakami alifungua cha kwake mwaka 1974, akiendesha na mkewe Yoko.

Tulichoingia sisi kilikuwa na spika kubwa kama makabati, na hakuna kuongea. Baada ya siku mbili za kununiana, hiyo ilitufaa! Katikati ya santuri ya pili, mume wangu akaandika kitu kwenye karatasi ya kufutia mdomo, akanisogezea. Nikadhani ni maneno ya mapenzi. Ilikuwa hesabu: atakata kiasi gani kwenye mshahara wake kila mwezi mpaka hela ya kiwanja irudi. Miezi mitano. Nikachukua kalamu, nikaandika chini yake: *Na gari unaacha nyumbani, unapanda daladala.* Akatikisa kichwa kukubali. Katriji haikurudishwa.

Nyumbani Kinondoni tulipima upya, mimi nikimulika kwa simu, yeye akikaza skrubu. Upande mmoja wa santuri ni kama dakika ishirini, hivyo pande tatu kila usiku ni saa moja. Simu tunazima, tunakaa. Zile santuri za mzee tulizihifadhi kwanza, tukaanza na nyingine. Kama wiki ya tatu hivi besi ikafunguka. Mume wangu anasema ni raba imelainika. Mimi nasema na masikio nayo yamezoea. Labda wote tuko sahihi.

Usiku wa thelathini na tano ndipo tulipompiga Mbaraka. Gitaa likaingia, nikamwona baba kabisa, kwenye kiti chake, kidole juu akituambia tunyamaze.

Kiwanja tulikilipia mwezi wa sita. Na nyumbani kwetu sasa kuna sheria moja: kitu chochote kinachozidi laki tatu, tunaongea kwanza. Wewe na mwenzio mmewekeana kiwango gani?