Insha Tuliyoikata kwa Wino Mwekundu

Tulipokuwa tukisahihisha insha za kidato cha pili, katika mji mmoja wa Uganda, tulikuta sentensi hii: hekalu ni mwili. Mwandishi wake alikuwa binti wa Kihindu. Tukaikata kwa wino mwekundu, tukaandika pembeni kwamba hekalu ni jengo la kusalia. Binti hakubisha. Alisema tu, "Haya, Mwalimu," akaketi.

Hatuna budi kukiri kwamba hekalu la akina binti yule tulilipita kila siku tuendapo sokoni, wala hatukuuliza lolote. Miaka ikapita ndipo tukasoma.

Chumba cha ndani kabisa, kikaacho sanamu ya mungu, huitwa kwa Kisanskriti garbagriha: garba ni tumbo la uzazi, griha ni nyumba. Aghalabu ni chumba kidogo cha mraba, chenye giza, kisicho na dirisha. Hakikujengwa ili umati ukusanyike humo. Kuhani ndiye aingiaye. Mwenye kuabudu husimama mbele ya mlango, amtazame mungu wake na kutazamwa naye, kisha hupazunguka mahali hapo akipaweka upande wa mkono wa kuume.

Vitabu vya kale vya mafundi huagiza kwamba, kabla ya kujenga, uchorwe mraba uliogawanywa katika miraba midogo 64 au 81. Ndani yake huwazwa mtu, Purusha, amelala. Na pale katikati ni pa Brahma. Hata jengo likiinuka, mwili haupotei: katika mahekalu ya kusini mwa Bara Hindi, sehemu iliyo chini ya kuba la mnara huitwa griva, maana yake shingo. Huko Thanjavur, hekalu la Brihadisvara lilikamilika mwaka 1010, enzi ya mfalme Rajaraja wa Kwanza. Mnara wake wa mawe ya matale wapita mita 60 kwenda juu, nao wote umesimama juu ya chumba kimoja cha Shiva.

Lililotuchoma zaidi ni hili: wiki iyo hiyo tulikuwa tumefundisha tamathali za semi, tukataja shingo ya chupa, mdomo wa chungu na mguu wa meza. Darasa lilicheka. Binti yule pengine hakuona kichekesho, kwani kwao jambo hilo halikuwa mapambo ya lugha.

Alama tulizomnyima zilikuwa mbili. Shule ile tuliiacha zamani, na daftari lake hatujui liliko.