Papa Wawili Katika Gazeti Moja

Miasenyi ni kituo kidogo kandokando ya barabara kuu iendayo Nairobi kutoka Mombasa, kati ya Mariakani na Voi, mahali ambapo malori hupita usiku kucha na ambapo reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 ina stesheni yake. Ni nchi ya nyika, ya mifugo na ya maji ya kutafutwa. Habari za Vatikani hufika huko zikiwa zimepitia mikono mingi: mwandishi wa shirika la kigeni huziandika Roma, mhariri wa Nairobi huzifupisha, mfasiri huzitafutia maneno ya Kiswahili, kisha redio huzisoma kwa nukta chache. Muumini wa kigangoni asiye na njia nyingine ya kumjua mkuu wa Kanisa lake humjua kwa masalia hayo. Akipendelewa papa mmoja na kuonewa mwingine, ni yeye anayebaki na sura iliyopotoka, na ndiye atakayeulizwa na jirani yake Mwislamu au Mwanglikana, “Huyu wenu wa sasa ni mtu wa namna gani?”

Mfano ulio wazi zaidi ni wa ndege mbili. Tarehe 17 Machi 2009, Papa Benedikto wa Kumi na Sita alikuwa safarini kwenda Kamerun alipoulizwa na mwandishi Mfaransa kuhusu UKIMWI. Alijibu kwamba tatizo hilo haliwezi kutatuliwa kwa kugawa kondomu, bali kondomu huzidisha tatizo. Katika jibu lilo hilo alizitaja jumuiya za Kanisa zinazowauguza wagonjwa, na akataka urafiki wa kweli kwa wanaoteseka. Sentensi moja tu ndiyo iliyozunguka dunia. Serikali kadhaa za Ulaya zililalamika, na jarida la kitabibu la Lancet likamkosoa vikali. Wala haikuwa dhambi kumhoji. Kauli ile ilikuwa nzito, na uzito wake ulijulikana vyema kandokando ya barabara ya malori, ambako ugonjwa huo ulizika wengi.

Tarehe 30 Novemba 2015, Papa Fransisko akirejea Roma kutoka Bangui aliulizwa swali la aina hiyo hiyo, mara hii na Mjerumani. Alikubali kwamba kondomu ni mojawapo ya njia, akakiri kwamba maadili ya Kanisa yamo katika utata kuhusu jambo hilo, kisha akalisogeza swali kando: aliliona dogo mno mbele ya utapiamlo, kazi za kitumwa na ukosefu wa maji safi. Fundisho halikubadilika. Ni kweli majibu hayo mawili hayalingani, na la pili lina ulaini ambao la kwanza halina. Hata hivyo, tofauti ya makelele ilizidi kwa mbali tofauti ya majibu. Mpenda chongo huona kengeza.

Lugha nayo ina mkono wake katika jambo hili. Magazeti ya Kiswahili yalipokea kutoka ng'ambo majina ya kejeli aliyopachikwa Kadinali Ratzinger hata kabla ya kuchaguliwa mwaka 2005, yakayafupisha kwa neno moja: mhafidhina. Neno hilo lina asili moja na kuhifadhi. Kwa Mswahili, aliyehifadhi Kurani anasifiwa. Kwa mtu wa Miasenyi, hifadhi ni Tsavo, yenye ndovu wanaotoka kuja kula mahindi yake. Ni wangapi waliolisikia neno hilo redioni na kujua kama mzee yule alikuwa akisifiwa au akishutumiwa? Na hapa utani wa pwani hauepukiki: papa ni samaki mwenye meno, na wahariri wengi walionekana kumwona Benedikto kwa maana hiyo, wakiliacha jina la Baba Mtakatifu kwa mwenzake.

Yohane Paulo wa Pili, aliyezuru Kenya mara tatu, mwaka 1980, 1985 na 1995, alikuwa na msimamo uo huo kuhusu kondomu, na tangu mwaka 1981 msimamizi wake wa mafundisho alikuwa Ratzinger yuyo huyo. Yeye pia alikosolewa, lakini picha iliyodumu ni ya msafiri mchangamfu. Kuhusu mazingira, waraka wa Laudato si' wa mwaka 2015 ulipokelewa kana kwamba hakuna papa aliyewahi kuutazama mti, ilhali Fransisko mwenyewe anamnukuu Benedikto humo, na paneli za umeme wa jua ziliwekwa juu ya ukumbi mmoja wa Vatikani mwaka 2008. Leo wa Kumi na Nne naye, alipotokea roshanini tarehe 8 Mei 2025, alilinganishwa kwanza kwa kitambaa: alivaa joho fupi jekundu ambalo Fransisko aliliacha mwaka 2013.

Lakini ni kosa kudhani kwamba anayependelewa hufaidika. Fransisko alipofika Nairobi mnamo Novemba 2015, gari dogo aina ya Honda lilitawala habari. Sababu ilikuwa ya kienyeji: kulisifu gari la papa kulikuwa njia salama ya kuyasema magari ya wakubwa wa Kenya. Tarehe 27 Novemba, katika mtaa wa Kangemi, papa huyo alizungumza juu ya maji kama haki ya kila mtu, na akawashutumu wanaonyakua ardhi hata viwanja vya michezo vya watoto wa shule. Hotuba hiyo iliripotiwa, ila Honda ndiyo iliyobaki midomoni. Katika kaunti ambayo zaidi ya nusu ya ardhi yake imo ndani ya mbuga za Tsavo, na ambako familia nyingi huishi kama maskwota kando ya mashamba ya katani, hotuba ya Kangemi ilikuwa na wasikilizaji wake tayari. Wao walifikishiwa gari.